Tokelau, nchi isiyo na mji mkuu

Kuna nchi haina mji mkuu. Sio kwamba wanagombania mji uwe wapi, wala sio kwamba wamehama mmoja wakawa wanajenga mwingine, hapana, hawana tu na hawajaona sababu ya kuwa nao. Inaitwa Tokelau, ipo katikati ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini mwa Samoa, ni visiwa vitatu, na makao ya serikali yanazunguka mwaka hadi mwaka, mwaka mmoja yapo Atafu, mwingine Nukunonu, mwingine Fakaofo, halafu mzunguko unaanza upya. Kiongozi wa nchi anaitwa Ulu, na yeye ndiye anayezunguka na hiyo serikali, maana Ulu wa mwaka huo ni yule kiongozi wa kisiwa ambacho zamu imekiangukia.

Hii nchi nimekuwa nikiifuatilia muda mrefu sana. Kwa Kiswahili ukiitafuta unapata mistari miwili mitatu tu, eneo, idadi ya watu, inatawaliwa na New Zealand, basi. Na mimi naona kuna mambo pale ambayo sisi tuliokulia kwenye nchi zilizopata uhuru kwa siku moja, bendera inashuka saa sita usiku na nyingine inapanda, tunapaswa kuyajua, kwahiyo leo naandika kwa kirefu, ukiwa na chai karibu itakusaidia.

Tuanze na namna ya kufika maana kila kitu kingine kinatoka hapo. Uwanja wa ndege hakuna. Bandari hakuna. Njia ni moja, unakwenda Apia, mji mkuu wa Samoa, unasubiri meli ya serikali, na ikishaondoka ni kama siku nzima na zaidi juu ya maji, kama kilomita 500 hivi mpaka kisiwa cha karibu zaidi. Na ukifika hujafika bado, kwa sababu meli haiwezi kugusa nchi kavu. Mwamba wa matumbawe umekizunguka kisiwa chote, na nje ya mwamba kina kinaporomoka ghafla kiasi kwamba hakuna pa kutia nanga, meli inabaki kuelea huko nje ikicheza na mkondo. Sasa zinatoka boti na mashua bapa kutoka kisiwani, zinapita kwenye mlango mwembamba uliopasuliwa katikati ya mwamba, zinajibanza ubavuni mwa meli na watu wanashuka, bibi kizee anashuka, mtoto mchanga anapokezanwa mikono kwa mikono, mchele unashuka, saruji inashuka, mapipa ya mafuta yanashuka, kisha boti inageuka kurudi na hapo ndipo penyewe, nahodha anasimama nje ya mlango anayatazama mawimbi yanavyovunja, anaacha moja, anaacha la pili, akiona mwanya anafungua mashine yote. Bahari ikichafuka meli inasubiri au inaondoka na mizigo yake. Mgonjwa mahututi, mwalimu anayerudi likizo, waziri kutoka New Zealand, wote ni njia hiyohiyo moja.

Na mgeni hajiendei tu. Lazima wazee wa kisiwa unachotaka kwenda wakubali uje, ndio upate kibali. Naliona ni jambo la haki kabisa, kisiwa chenye watu 500 mgeni mmoja asiye na adabu anaweza kukiharibia mwezi mzima.

Visiwa vyenyewe ni atoli. Kwa ambaye hajawahi kuona atoli hata kwenye picha, chukulia pete ya matumbawe baharini, ndani ya pete kuna maji yaliyotulia ya rangi ya buluu ya kijani, nje kuna bahari kuu, na juu ya hiyo pete kuna vijipande vya ardhi vimepangana, vingine vina minazi kumi tu, vingine vinatosha kujenga kijiji. Ardhi yote ya Tokelau ukiikusanya ni kama kilomita za mraba 12. Sehemu ya juu kabisa ya nchi haizidi kama mita 5 kutoka usawa wa bahari. Mto hakuna, kilima hakuna, udongo wa kulima ni kama hakuna, ni mchanga na kokoto za matumbawe. Watu waliopo visiwani ni kama 1,500.

Ila sasa geuza macho utazame bahari. Eneo la bahari ambalo Tokelau ina haki nalo ni karibu kilomita za mraba 320,000. Tanzania yetu hii yenye pwani kuanzia Tanga mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba na Mafia, eneo lake la bahari la kiuchumi ni kama kilomita za mraba 223,000. Yani watu 1,500 wana bahari kubwa kuliko ya kwetu! Na pesa kubwa wanayoingiza wao wenyewe inatoka humo, meli za kigeni zinalipa leseni kuvua jodari kwenye maji yao, na nyingine inajazwa na New Zealand kila mwaka kwenye bajeti. Ndiyo maana mtu akisema kisiwa kidogo mimi huwa namuuliza kidogo kwa kupima nini.

Maji ya kunywa ni ya mvua. Nyumba zimejengwa na mapaa ya kukinga na matangi chini yake, mvua isiponyesha shida inaanza palepale. Mwaka 2011 ukame ulibana mpaka wakatangaza hali ya dharura, maji ya kunywa yakawa yamebaki ya kama wiki moja, ikabidi New Zealand na Marekani wasaidiane kupeleka maji kwa meli. Fikiria umezungukwa na maji kushoto kulia mbele nyuma, na unasubiri meli ikuletee maji.

Chakula cha asili ni samaki na nazi, na nazi tunaijua sisi watu wa pwani, hakuna kinachotupwa, dafu la kunywa, nazi ya kukuna, makuti ya kuezeka, makumbi ya kusokota kamba, na kwa miaka mingi mbata ndiyo ilikuwa bidhaa pekee ya maana ya kuuza nje. Kuna mashelisheli, kuna aina ya magimbi makubwa wanayoyaita pulaka, wanayalima kwenye mashimo waliyochimba wakayajaza majani yaliyooza mwaka baada ya mwaka mpaka pakawa na udongo. Udongo wa kutengeneza kwa mikono! Kuna mkadi, majani yake yanasukwa mikeka. Kuna nguruwe, na wale wa Fakaofo wamezoea kushuka kwenye mwamba maji yakipwa na kujitafutia chakula baharini, wanaogelea kabisa, kwa sababu kijiji cha Fale pale Fakaofo ni kipande kidogo sana cha ardhi na nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na nguruwe naye anatafuta pake. Msongamano ulizidi mpaka mwaka 1960 baadhi ya watu wakahamia kipande kingine cha atoli hiyohiyo, Fenua Fala, na shule na hospitali zipo huko.

Mitumbwi yao inaitwa vaka. Hawana mti mmoja mkubwa wa kuchonga mtumbwi mzima, kwahiyo wanatumia mti wanaouita kanava, wanachonga vipande vipande, wanavitoboa, wanavishona kwa kamba za makumbi, halafu pembeni wanaweka mrengu wa kuuzuia usipinduke. Mtu wa Lamu akisikia vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi atakumbuka mtepe, na mrengu tunao kwenye ngalawa zetu, na hili la mrengu sio bahati tu, wanaochunguza historia ya vyombo vya baharini wanasema ngalawa ya Afrika Mashariki ilipata mirengu yake kutoka kwa mabaharia wa upande wa Indonesia waliovuka mpaka Madagaska na pwani ya kwetu, na mababu wa watu wa Polinesia ni tawi la ukoo huohuo wa mabaharia, wao wakaelekea mashariki. Kwahiyo ngalawa ya Bagamoyo na vaka ya Atafu ni ndugu wa mbali walioachana zamani sana, mmoja akaja huku mwingine akaenda kule. Hiyo vaka ipo hata kwenye bendera waliyoichagua, imepakwa njano juu ya buluu, inaelekea kwenye nyota nne za Msalaba wa Kusini.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho kwangu ndicho moyo wa Tokelau, kinaitwa inati. Nitakaa hapa kidogo.

Inati ni mgao wa samaki, lakini ukiishia hapo hujaelewa. Siku ambayo wazee wameagiza uvuvi wa kijiji, wanaume wote wenye nguvu wanatoka, kundi lao linaitwa aumaga, na samaki wakirudi hakuna anayebeba wake kwenda nyumbani. Wanamwagwa chini sehemu moja, sehemu inayojulikana siku zote, wanapangwa kwa aina na ukubwa. Wagawaji wanahesabu. Kijiji kizima kimeshagawanywa kwenye mafungu ya koo na nyumba, kila fungu lina idadi yake ya watu inayojulikana kichwani, na watu hapo ni watu wote, mtoto aliyezaliwa juzi anahesabiwa, kikongwe asiyetoka kitandani anahesabiwa, mjane asiye na mvuvi nyumbani anahesabiwa sawasawa na yule nahodha aliyeleta samaki. Mgawaji anapita na samaki anaweka fungu kwa fungu, wakibaki wachache anazunguka tena mpaka waishe, linaitwa jina la fungu, anakuja mtoto au mama na kapu lake anabeba, anaondoka. Kuna viumbe ambavyo hata ukivipata peke yako sio vyako, kasa ni mmojawapo, na yule samaki mkubwa mwenye mdomo mrefu kama upanga, ukimpata huyo ni wa kijiji.

Hakuna anayeomba na hakuna anayeshukuru, maana hujapewa msaada, umepewa chako. Naomba tulitafakari hili vizuri kwa sababu sisi tunasifiwa sana kwa ukarimu, na ni kweli ni wakarimu, jirani akipika unaletewa sahani, lakini ukarimu unategemea moyo wa mtu siku hiyo, akinuna hupati. Inati haitegemei moyo wa mtu. Ni utaratibu wenye wahesabuji. Na serikali ya Tokelau, kwa ninavyoiona mimi, imejengwa juu ya mgao huu, sio kinyume chake.

Chini kabisa, au niseme juu kabisa maana kwao ngazi imegeuzwa, kuna baraza la wazee la kila kijiji, Taupulega, wazee na wakuu wa koo. Hao ndio wenye mamlaka. Kila miaka mitatu watu wa kisiwa wanapiga kura kumchagua Faipule, ambaye anakiwakilisha kisiwa kwa nje, na Pulenuku, ambaye ni kama meya wa kijiji, maji, usafi, kazi za kila siku. Faipule 3 na Pulenuku 3 ndio baraza la mawaziri la nchi, watu 6, na kati ya Faipule hao 3 ndipo anatoka Ulu kwa zamu. Kuna bunge, Fono Kuu, wajumbe wake ni kama 20 kutoka visiwa vyote. Vyama vya siasa hakuna. Kuanzia 2004 ikakubaliwa rasmi kwamba madaraka yanatoka kwa Taupulega tatu, wao ndio wanaipa Fono Kuu kazi ya kufanya yale ya nchi nzima na yaliyobaki wanabaki nayo kijijini. Kwa sisi ambao serikali za mitaa zinasubiri fedha na maagizo kutoka juu, huku ni kuisoma katiba kuanzia ukurasa wa mwisho!

Akina mama wana umoja wao, Fatupaepae, na wana nguvu. Jela hakuna, mtu akikosea adhabu za kawaida ni kukemewa mbele za watu, faini, kufanya kazi za kijiji. Jumapili hakuna kazi wala kuvua. Walimu wa dini kutoka Samoa walileta Ukristo karne ya 19, Atafu wakawa Waprotestanti, Nukunonu wakawa Wakatoliki, Fakaofo wakawa wote wawili, na kwa miaka mingi walisoma Biblia ya Kisamoa mpaka Kisamoa kikawa lugha ya kanisani kule.

Na wana fatele, ngoma yao. Wanaume wanakaa katikati wanapiga sanduku la mbao kwa viganja, na debe la bati kwa vijiti, wachezaji wamesimama mistari, wimbo wenyewe ni mfupi, mistari michache tu, unaanza polepole kama watu wanaongea, unarudiwa kwa kasi zaidi, unarudiwa tena, mikono inaeleza hadithi ya wimbo kwa pamoja, mpaka mwisho sanduku linapigwa kwa kasi ambayo hujui mikono inatoka wapi, halafu linakatika ghafla watu wote kwa pamoja. Video zake zipo nyingi, zitafute.

Historia yao ina jeraha moja ambalo lazima nilitaje. Mwaka 1863 meli za watafuta watumwa kutoka Peru zilipita visiwani zikachukua watu kama 250, karibu nusu ya watu wote waliokuwepo, wengi wao wanaume na vijana wenye nguvu, na karibu wote hawakurudi. Sisi wa pwani na wa bara tunajua maana ya habari kama hiyo. Nchi ya watu mia chache ikipoteza nusu ya watu wake, na magonjwa yakaja juu yake, ni ajabu kwamba leo ipo. Waingereza wakaiweka chini ya ulinzi wao 1889, wakaiingiza kwenye koloni 1916, wakaikabidhi New Zealand iisimamie katikati ya miaka ya 1920, na tarehe 1 Januari 1949 ikawa rasmi sehemu ya New Zealand na watu wake wakawa raia wa kule. Njiani wakapoteza kisiwa cha nne. Olohega, ambacho Wamarekani wanakiita Swains, kilikuwa mikononi mwa familia ya Mmarekani mmoja tangu miaka ya 1850, Marekani ikakichukua 1925 ikakiunganisha na Samoa ya Marekani, na mwaka 1980 mkataba ukasainiwa Atafu ambao Tokelau iliacha madai yake. Kuna Watokelau mpaka leo hawajaridhika na hilo, na mimi nawaelewa.

Sasa tuje kwenye uhuru. Umoja wa Mataifa una orodha ya maeneo ambayo bado hayajajitawala, yapo 17, na Tokelau imo humo tangu 1946. Kamati inayoshughulikia orodha hiyo, ile inayoitwa Kamati ya 24, kuanzia 1972 mpaka 1980 mwenyekiti wake alikuwa Salim Ahmed Salim, balozi wetu Umoja wa Mataifa, mtoto wa Zanzibar. Ndiyo miaka ya mapambano ya Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia. Na ni katikati ya miaka hiyo, 1976, kamati hiyo ilituma ujumbe wake wa kwanza kwenda Tokelau kuwauliza watu wanataka nini. Wakajibiwa kwamba kwa sasa hawataki kubadilisha uhusiano wao na New Zealand. Nimelifikiria sana hilo jibu. Kamati ambayo kila siku inasikia watu wanaomwaga damu ili mkoloni aondoke, inapelekewa ripoti ya watu wanaosema subirini kwanza.

Miaka 30 baadaye wakaulizwa kwa kura, Umoja wa Mataifa ukisimamia. Wasingekuwa nchi iliyojitenga moja kwa moja, ingekuwa kujitawala kwa ushirika na New Zealand, kama Visiwa vya Cook tangu 1965 na Niue tangu 1974, unajitawala, unabaki na uraia wa New Zealand, msaada unaendelea kwa mkataba. Fono Kuu yenyewe ikaweka sharti kwamba ili mabadiliko yapite ni lazima theluthi mbili ya kura zikubali. Februari 2006 wakapiga kura, asilimia 60 wakasema ndiyo. Haikutosha. Oktoba 2007 wakarudia, ndiyo 446, hapana 246. Zilipungua kura 16.

Kura 16! Familia mbili tatu za pale kijijini. Magazeti ya nje yakaandika kwa mshangao, nchi imekataa uhuru, koloni limependa kubaki koloni, na wengine wakaandika kwa dharau kabisa. Mimi hiyo lugha inaniudhi. Kwanza wengi walisema ndiyo, mara zote mbili, kwahiyo hiyo habari ya kukataa ni ya kupindisha. Pili, hao 246 sio waoga. Ukiwa mtu mzima unayejua kwamba hospitali kubwa ipo ng'ambo, kwamba meli ni ya serikali na ikiharibika hakuna nyingine, kwamba mtoto wako wa kwanza na wa pili wapo Wellington kwa pasipoti hiyohiyo, una haki ya kuuliza hii karatasi mpya inaongeza nini na inaweza kupunguza nini, na ukijibiwa usiporidhika una haki ya kusema hapana. Tatu, na hili ndilo kubwa, lile sharti la theluthi mbili wengi waliliona kama kikwazo cha kisheria tu, wakati ukilitazama kutoka kwenye ule mgao wa samaki unaona mantiki yake. Kijiji cha watu 500 hakiwezi kuendeshwa na 60 dhidi ya 40. Kesho asubuhi hao 40 ndio mnatoka nao kwenye boti moja kupita ule mlango wa mwamba, ndio wanahesabu samaki wako. Ushindi mwembamba kwao ni mgawanyiko. Wakubwa wa dunia wanafanya maamuzi mazito kwa asilimia 52 kwa 48 halafu wanaumwa nayo miaka kumi.

Baada ya hapo Fono Kuu ikakubali suala la kura liwekwe pembeni kwa muda, nguvu zipelekwe kwanza kwenye mahitaji ya vijiji, shule, afya, usafiri, umeme. Na hapo kwenye umeme wakafanya jambo kubwa. Walikuwa wanawasha majenereta ya dizeli, na hiyo dizeli inakuja kwa meli ileile, kwa mapipa, kupitia mlango uleule. Mwaka 2012 wakafunga paneli za sola 4,032 kwenye visiwa vitatu, na betri zake, kwa fedha za New Zealand, na Tokelau ikawa ya kwanza duniani kupata karibu umeme wake wote kutoka kwenye jua, majenereta yakabaki ya akiba siku za mawingu. Matumizi yamepanda tangu hapo, friji na friza na simu zimeongezeka, dizeli ikarudi kidogo, na kazi ya kuongeza mitambo haiishi. Ila ule uamuzi uliifanya nchi ambayo bahari ikipanda mita moja inaingia hatarini iweze kusimama mbele ya nchi kubwa na kusema sisi tumefanya letu.

Intaneti nayo ina hadithi. Wengi wetu tuliojifunza kutengeneza tovuti bila hela miaka ya 2000 tuliijua Tokelau bila kujua kwamba tunaijua, ile .tk mwishoni mwa anwani ya bure ni yao. Kila nchi ina herufi zake mbili, hizi ni zao, na mfanyabiashara mmoja Mholanzi akawashawishi akazigeuza kuwa anwani za bure kwa dunia nzima, zikafika zaidi ya milioni 20, zikazipita za Ujerumani na Uingereza. Wao wakapata mgao wa mapato, uliowasaidia kulipia mawasiliano kipindi ambacho visiwa vyenyewe vilikuwa na intaneti ya kusuasua. Lakini bure huvutia kila mtu, matapeli wakajazana, jina la nchi ya watu waungwana likawa jina ambalo programu za kuzuia barua taka zinalifunga. Naona kwenye mkataba ule walidhulumiwa, wazee waliambiwa kuhusu faida na jina lao likabeba uchafu wa watu wasiojua hata Tokelau ipo bahari gani. Mkongo wa mawasiliano wa chini ya bahari uliwafikia 2022, sasa wanaongea kwa video na ndugu zao bila picha kuganda.

Na ndugu zao ndio wengi kuliko wao. Januari 1966 kimbunga kiliharibu mazao na nyumba, watu wakawa wameshazidi uwezo wa ardhi, New Zealand ikaanzisha mpango wa kuhamisha familia, ukasimama 1976, lakini mlango ulishafunguka na watu wakaendelea kwenda. Sensa ya New Zealand ya 2018 ilihesabu Watokelau zaidi ya 8,600, wengi wao Porirua na bonde la Hutt, pembeni mwa Wellington. Madaktari wa Wellington walianza kuwafuatilia wahamaji na waliobaki tangu 1968, wakaona waliohama wananenepa zaidi na kisukari, presha na gauti vinapanda kwao kuliko kwa waliobaki kula samaki na nazi. Leo hata visiwani kisukari kipo juu, kwa sababu meli inashusha sukari, mchele na nyama za makopo. Na watoto waliozaliwa New Zealand wengi hawakiongei Kitokelau, wanacheza fatele wakiwa na maneno ya wimbo kichwani bila mazungumzo ya lugha yenyewe, na walimu na wazee kule Porirua wanapigana na hilo kila wiki kwenye shule za awali na makanisani.

Hawa waliohama hawakupiga kura 2006 wala 2007. Sharti lilikuwa ukaaji. Wengi walilalamika na malalamiko yao yana uzito, wanatuma pesa, wanazika wazazi wao kule, ardhi ya ukoo ni yao pia. Hili ndilo swali gumu nitakaloliacha wazi kwa wasomaji wenye ndugu ughaibuni, maana na sisi tunalijadili kwa namna yetu. Msimamo wangu ni kwamba kura ikirudi, wa Porirua wakae kwenye mazungumzo kuanzia siku ya kwanza, wasikilizwe, ila sanduku la kura libaki kwa wale wanaokunywa maji ya mvua ya Tokelau, kwa sababu watu 8,000 wakipiga kura pamoja na 1,500 basi uamuzi unafanyika Wellington. Isipokuwa makundi mawili ningeyahesabu kama yapo nyumbani hata kama hayapo. Wagonjwa waliopelekwa New Zealand kwa matibabu ambayo kisiwani hayapo, na wanafunzi waliokwenda kusoma kwa sababu masomo yao hayafundishwi kule. Hao hawakuhama, wametumwa na shida, na kwenye kura inayoweza kupungukiwa na watu 16 tu, majina yao yanatakiwa kuwa kwenye daftari.